Keki ya pundamilia ya rangi nne: mwongozo kamili wa keki ya sikukuu nyumbani

Keki ya rangi ya kufaa sikukuu ya familia haihitaji matabaka sita wala maua ya krimu. Keki ya pundamilia inatosha. Rojo ni moja, linagawanywa kwenye mabakuli manne, kila bakuli linatiwa rangi yake, kisha rangi zinamiminwa moja juu ya nyingine katikati ya bati. Kila rangi inayoingia inaisukuma iliyotangulia kwenda pembeni, na siku ya kukata mistari yote inajitokeza. Bati ni moja tu, kwa hiyo inaokeka hata kwa mkaa, na kazi ya kumimina wanaiweza watoto.

Shika jambo moja kabla hatujaingia jikoni. Keki ikitoka imefifia au rangi zimechanganyikana, wengi hukimbilia dukani kununua rangi ya aina nyingine. Mara nyingi chupa ya rangi haina kosa. Kosa ni moto mkali uliobabua rangi, au mabakuli manne ambayo uzito wa rojo lake haukulingana. Mwongozo huu unakaa zaidi kwenye mambo hayo mawili.

Ioke lini

Keki hii ni ya mafuta, si ya siagi, na ndiyo maana huwa laini zaidi siku ya pili kuliko siku ya kwanza. Usiioke mkesha. Mkesha jiko ni la pilau na kuku, na keki iliyookwa kwa haraka katikati ya shughuli hizo ndiyo inayofunguliwa kabla ya wakati ikanywea.

Kwa Krismasi, oka tarehe 23 jioni, mwagia sukari ya juu asubuhi ya tarehe 25. Kwa Idd-el-Fitri hesabu inategemea mwezi: ukiandama usiku wa kuamkia 30, sikukuu ni kesho, usipoandama, mnafunga siku moja zaidi. Kwa hiyo oka usiku wa tarehe 28 Ramadhani baada ya futari. Mwezi ukiandama mapema keki ina siku moja na nusu, ukichelewa ina mbili na nusu, na kote bado ni nzuri. Sukari ya juu isubiri hadi mwezi utangazwe.

Mahitaji

Kwa bati la duara la sentimita 23, lenye kina kisichopungua sentimita 6. Kikombe kinachotajwa ni cha kupimia cha mililita 250, maana vikombe vya chai vya nyumbani havilingani. Mzani ukiwepo, tumia mzani.

- Unga wa ngano gramu 260 (vikombe 2) na konflawa gramu 40 (vijiko vikubwa 5)
- Beking pauda vijiko vidogo 3 vya kufuta
- Chumvi nusu kijiko kidogo
- Mayai 4 ya kisasa, au 5 ya kienyeji kwa kuwa ni madogo
- Sukari gramu 220 (kikombe 1 cha kujaa)
- Mafuta ya alizeti au mengine yasiyo na harufu, mililita 180 (robo tatu ya kikombe)
- Maziwa mililita 200, yasiwe ya baridi
- Vanila kijiko kidogo 1, iliki ya kusaga nusu kijiko kidogo
- Kakao isiyo na sukari vijiko vikubwa 2
- Rangi tatu za chakula: njano, nyekundu, kijani

Konflawa si pambo. Unga mwingi wa dukani umekusudiwa chapati na maandazi, una nguvu ya kuvutika, na keki inayotokana nao huwa ngumu yenye nundu katikati. Konflawa hupunguza nguvu hiyo. Ukiwa na unga wa keki ambao tayari umetiwa beking pauda kiwandani, acha zote mbili, konflawa na beking pauda, na pima unga gramu 300.

Sukari yetu mara nyingi ina chembe kubwa. Isage kidogo kwenye blenda, nusu dakika tu. Chembe kubwa haziyeyuki kwenye mayai, huzama, na kufanya doa la kunata chini ya keki.

Pima uhai wa beking pauda: nusu kijiko kwenye maji ya moto kidogo. Isipotoa povu papo hapo, tupa. Kopo lililofunguliwa sikukuu iliyopita na kukaa kwenye unyevu wa pwani usiliamini hata kidogo.

Mkaao wa bara na wa pwani

Vipimo vya juu ni vya Dar es Salaam, Mombasa, Unguja na popote palipo karibu na usawa wa bahari. Nairobi na Mbeya ziko karibu mita 1,700, Arusha kama 1,400, Goma na Bukavu karibu 1,500. Huko juu hewa ni nyepesi, viputo vya gesi vinavimba haraka na kupasuka kabla rojo halijashika, na keki inaumuka vizuri mbele ya macho yako kisha inabonyea. Maji nayo hukauka upesi. Kuanzia mita 1,400 punguza beking pauda iwe vijiko vidogo 2 na robo, punguza sukari kijiko kikubwa 1 na nusu, ongeza maziwa vijiko vikubwa 2, na pandisha oveni nyuzi 5 hadi 10. Kampala, mita 1,200 hivi, punguza beking pauda tu iwe vijiko 2 na nusu.

Kuchagua rangi

Ya jeli ndiyo bora: robo kijiko kidogo kwa bakuli moja, na nyekundu huenda ikataka nusu. Ya maji, ile ya vichupa vidogo, tia kijiko kidogo 1 hadi 1 na nusu. Ukipita viwili rojo linalegea. Ya unga ni kali, chukua kwa ncha ya kisu na uikoroge kwanza kwenye kijiko kidogo cha maziwa, la sivyo keki itakuwa na madoa. Ile rangi ya kupikia biriani inafaa kabisa kwa njano ya machungwa.

Kwenye masoko ya pwani, jirani na rangi za chakula, huuzwa pia rangi za kutia ukili wa mikeka, kwenye vifuko vinavyofanana. Hizo haziliwi. Nunua iliyoandikwa ni ya chakula na yenye namba, kwa mfano E102 kwa njano na E133 kwa buluu. Kama una mtoto anayechangamka kupita kiasi, jua kwamba tangu 2010 Umoja wa Ulaya unataka chakula chenye rangi sita fulani, E102, E104, E110, E122, E124 na E129, kiwe na onyo kuhusu utulivu na usikivu wa watoto. Kipande kimoja cha sikukuu si sawa na soda na peremende za kila siku, lakini mzazi ana haki ya kujua.

Buluu na zambarau tumezikwepa makusudi. Kiini cha yai na mafuta ni vya njano, na njano ikikutana na buluu inazaa kijani. Ukiing'ang'ania buluu, tumia mayai ya kisasa yenye kiini cheupecheupe. Ya kienyeji yenye kiini cha kukoza yatakushinda.

Rangi za mimea zinategemea. Manjano ya kusaga, nusu kijiko kidogo, inafanya njano safi isiyofifia, na ladha yake inafichwa na iliki. Ila usiongeze beking soda, maana hugeuza manjano kuwa nyekundu ya udongo. Maji ya mchicha uliosagwa yanatoa kijani cha zeituni, kinachovumilika. Kiazi chekundu cha saladi, biturutu, kinadanganya: bakulini ni waridi la kupendeza, kwenye moto kinakuwa kahawia. Rozela, yaani choya, ni nyekundu penye uchachu tu. Penye beking pauda inageuka kijivu. Iwekee kazi ya sukari ya juu, huko haina mpinzani.

Tayarisha kabla ya kupasua yai

Beking pauda huanza kazi mara inapoguswa na unyevu. Tangu unga uingie kwenye maji hadi bati liingie motoni zisipite dakika 25. Kwa hiyo kila kitu kiwe mezani kwanza: bati limepakwa mafuta na kutandikwa karatasi ya kuokea chini, mabakuli manne yamepangwa, kila moja na rangi yake ndani, lile la kwanza lina kakao iliyochekechwa na kukorogwa na maziwa kijiko kikubwa 1 na nusu hadi iwe laini, kila bakuli lina kijiko chake kikubwa, na oveni imewashwa nyuzi 170, au jiko la mkaa limekwisha shika.

Rojo

Chapa mayai na sukari kwa mashine dakika 5, au kwa mchapo wa mkono 10, hadi yawe meupe na mazito, yakiinuliwa yadondoke kama utepe. Mimina mafuta taratibu huku unachapa, kama mchirizi mwembamba. Ukiyamwaga kwa mkupuo povu linaanguka. Tia maziwa na vanila.

Chekecha pamoja unga, konflawa, beking pauda, chumvi na iliki. Uingize mara mbili, ukoroge kwa mkono kwa mwiko au mchapo, na uache mara tu unga mkavu usipoonekana. Vidonge vidogo visikutishe. Kukoroga zaidi kunaamsha ule mvutano wa unga, na utakuta keki ina vishimo virefu na kilele kilichopasuka.

Rojo lote ni kama kilo 1 na gramu 100. Gawa gramu 275 kwa kila bakuli, au vikombe sawasawa, kisha geuzageuza hadi rangi ienee. Koleza kidogo zaidi ya unavyotaka, hasa nyekundu, kwa kuwa hufifia motoni. Ukitaka nyekundu nzito bila kumimina rangi nyingi inayoacha uchungu, ongeza nusu kijiko kidogo cha kakao.

Sasa kipimo chenyewe cha mistari. Inua kijiko juu ya kila bakuli na uache rojo lidondoke. Alama yake ipotee juu ya rojo ndani ya sekunde 10 hivi, na muda uwe ule ule katika mabakuli yote manne. La kakao karibu kila mara huwa zito. Liongezee maziwa kijiko kidogo kimoja kimoja. Lililolegea kwa rangi ya maji, nyunyizia unga kijiko kidogo 1. Rojo jepesi hukimbia chini ya zito, na hapo ndipo pete zinapogeuka kuwa mabaka.

Kumimina

Hapa waite watoto, kila mmoja na bakuli lake na kijiko chake. Aliye mdogo apewe kahawia, ambayo makosa yake hayaonekani.

Anza na vijiko vikubwa 3 vya kahawia katikati kabisa ya bati. Juu yake, katikati, vijiko 3 vya njano. Halafu nyekundu, halafu kijani, na mzunguko unarudi kwenye kahawia. Usisubiri rangi isambae, usitikise bati, usitandaze kwa mwiko. Uzito wa rojo unafanya kazi yote. Mzunguko wa nne na kuendelea weka vijiko 2 kila mara, maana duara limeshakuwa pana. Utapata mizunguko mitano au sita, kama pete 20 au zaidi. Mtoto akimwaga pembeni, usirekebishe. Endelea katikati, na pete zitajinyoosha kiasi.

Kahawia inatangulia kwa sababu. Rangi ya kwanza ndiyo inayosukumwa hadi ukingoni na kugusa bati, na ukingoni ndiko keki inakobabuka. Kahawia ikibabuka nani atajua? Ukianza na njano, keki nzima inazungushiwa mkanda wa rangi ya mkate uliokauka. Bakiza pia kijiko kimoja cha kahawia cha kumalizia katikati, juu.

Kulamba mabakuli ni jaribu, lakini rojo lina mayai mabichi na unga mbichi, na kuharisha siku ya sikukuu si mzaha. Wapeni sukari ya juu walambe.

Moto

Kwenye oveni: nyuzi 170, tundu la katikati au moja chini yake, dakika 45 hadi 55. Oveni yenye feni, 155. Usifungue kabla ya dakika 30. Baada ya hapo, uso ukiwa umeshika, funika juu kwa karatasi ya foili bila kuibana, rangi za juu zisiungue.

Kwa mkaa: tafuta sufuria nzito ya upana wa sentimita 30 hivi, ili pande zote za bati pabaki nafasi ya vidole viwili. Tandaza mchanga mkavu wa mtoni sentimita 2 chini. Funika kwa sinia au mfuniko bapa, ipashe dakika 15. Kupima moto, nyunyiza unga kwenye kifuniko kidogo cha bati na ukiweke ndani dakika 5. Ukitoka rangi ya dhahabu, moto ni sawa. Ukitoka kahawia iliyokoza, ondoa makaa na usubiri. Ukibaki mweupe, ongeza.

Bati likishaingia, chini pabaki theluthi moja ya makaa, theluthi mbili ziwe juu ya mfuniko, na yawe yameiva mekundu, yamekwisha kutoa moshi. Desturi ya wengi ni kujaza chini na kuweka machache juu, na matokeo yake ni kitako cheusi na katikati mbichi. Baada ya dakika 20 badilisha makaa ya juu yaliyokuwa majivu. Ya chini yaache yafe polepole. Yote huchukua dakika 50 hadi 70. Fanyia nje au penye upepo, kamwe si chumba kilichofungwa, kwani hewa ya mkaa inaua bila harufu.

Jiko la gesi na sufuria ya mchanga linawezekana pia, moto mdogo kabisa, saa moja na zaidi. Uso hautababuka, jambo zuri kwa rangi, lakini mvuke hudondoka kutoka kwenye mfuniko na kutoboa uso wa keki. Funga mfuniko kwa kitambaa kikavu, ncha zake zikutane juu, mbali na moto.

Keki imeiva kijiti kikichomwa katikati kikitoka kikavu au na makombo makavu, na ukingo ukianza kuachana na bati. Iache ndani ya bati dakika 15, ipindue, bandua karatasi, ipoe juu ya wavu wa oveni au wa friji uliooshwa. Ikipoa kabisa, ifunge kwa plastiki mara mbili. Bara inakaa siku 3 au 4 kabatini. Pwani siku 3 ni mwisho, halafu friji.

Ikiharibika

Katikati imebonyea: beking pauda imezidi, au ulifungua mapema, au haikuiva. Kijiti kinatofautisha. Kilele kimepasuka na kusukuma pete upande mmoja: moto mkali, au rojo lilikorogwa mno. Pete zipo pembeni lakini katikati ni rangi moja: vijiko vilikuwa vikubwa mwishoni. Rangi zote zimekuwa kahawiakahawia kuanzia ukingoni sentimita moja hadi mbili: moto, na dawa ni nyuzi 160 kwa dakika 10 zaidi. Kijani kimekuwa cha udongo: kakao ilidondokea bakulini, hata nusu kijiko kinatosha. Keki kavu yenye ladha ya sabuni: mtu ametia beking soda akidhani ni beking pauda.

Sukari ya juu

Siagi huanza kulegea muda mrefu kabla ya nyuzi 32, na Dar es Salaam mchana wa Desemba hufika hapo. Krimu ya siagi sebuleni bila kiyoyozi itakuwa mchuzi kabla wageni hawajamaliza kusalimiana. Pwani tumia sukari ya kumwagia. Loweka rozela kavu gramu 10 kwenye maji yaliyochemka mililita 100, dakika 10, chuja, acha ipoe. Koroga vijiko vikubwa 2 na nusu vya maji hayo na sukari ya aisingi gramu 200 iliyochekechwa. Utapata waridi lililokolea, lenye uchachu kidogo unaokata utamu. Ikiwa nzito, ongeza matone. Ikiwa nyepesi, sukari. Mwaga katikati ya keki iliyopoa kabisa, uiache iteremke yenyewe. Kwenye keki ya vuguvugu inazama yote. Hushika kwa saa moja, na karanga au nazi iliyokaangwa kidogo nyunyiza kabla haijashika.

Wa Nairobi na Mbeya wanaweza kujipa krimu: siagi gramu 150, sukari ya aisingi gramu 300, maziwa kijiko kikubwa 1, ichapwe hadi iwe nyeupe.

Kukata

Kisu kirefu chenye meno, kisu cha mkate, na kitambaa chenye maji ya vuguvugu cha kufutia kila baada ya mkato, vinginevyo kakao inapaka njano yote. Mkato wa kwanza ufike katikati kabisa. Pete zikikatwa kando ya kitovu zinaonekana zimepinda. Kipande cha kwanza mkikatie bibi au babu mbele ya wote, watoto wakiangalia, maana wao ndio wanaotaka kujua rangi ya nani imetokea wapi.

Bati hili linatoa vipande 16 vya kushiba. Kwa nyumba yenye wageni wa kuingia na kutoka, na sahani za kupeleka kwa majirani, ikate nusu, kisha vipande bapa vya sentimita 1 na nusu sambamba na ule mkato wa nusu, na kila bapa ndefu uigawe mara mbili au tatu. Utapata zaidi ya 30, na vipande vya katikati ndivyo vyenye pete nyingi. Hivyo panga kwenye sahani za majirani. Vya ukingoni, vilivyo kahawia zaidi, ni vya chai ya jioni ya wenye nyumba.